Mchungaji, Mjane na Mtoto wa Katikati

Usharika wetu ulikuwa na mnada kila Jumapili baada ya ibada. Waumini wasio na fedha taslimu walileta walichovuna: ndizi, viazi, mayai yaliyofungwa kwenye majani ya mgomba, jogoo aliyefungwa miguu, na msimu ukifika, plamu na pichi, maana sisi ni watu wa milima ya Usambara na baridi yetu huzaa matunda ambayo watu wa Tanga mjini huyapandia basi. Mzee wa kanisa alisimama mlangoni, akainua kitu kimoja kimoja, watu wakashindana kwa bei. Mwaka 1976 nilikuwa na miaka tisa. Jumapili moja mama alileta kikapu cha plamu, na mchungaji akakinunua kwa shilingi saba. Sokoni kikapu kama kile kilikwenda kwa shilingi tatu.

Jumapili iliyofuata alinunua mayai ya mama. Iliyofuata tena, viazi. Jumapili ya nne mzee wa kanisa aliinua fungu la mama la maharage, na kabla hajataja bei watu wote waligeuka kumtazama mchungaji. Kulikuwa kimya, kisha akina mama wa kwaya wakaanza kucheka, na mchungaji naye akacheka, akainua mkono. Mama alikuwa amesimama karibu na ukuta, ameinama, anafunga upya kilemba ambacho hakikuwa kimefunguka.

Mama alikuwa mjane kwa mwaka wa nne. Mchungaji alikuwa amefiwa na mkewe, watoto wake wakubwa wameshajitegemea. Lakini haikuanzia mnadani. Ilianza na mimi. Mchungaji alinisikia kwenye kwaya ya watoto, akasema nifundishwe kinanda, na kila Jumamosi mchana nilikwenda nyumbani kwake kukanyaga kile kinanda cha miguu kilichoachwa na wamisionari. Jioni ukungu ukishuka alinisindikiza. Kwanza aliishia njia panda. Baadaye akafika mlangoni, akasalimu, akarudi. Kisha akapewa chai barazani. Kufikia msimu wa plamu, ile chai ilikuwa inanywewa ndani, na majirani walikuwa na habari zote.

Jina la mama liliposomwa kanisani pamoja na lake, katika zile Jumapili tatu za matangazo ya ndoa, nilinuna. Nilikataa kwenda kwenye kinanda. Niliona nimetumiwa, kwamba Jumamosi zile hazikuwa zangu. Yule ambaye leo namwita baba alinikuta nimekaa kwenye benchi nje ya kanisa, akakaa upande wa pili, akaanza kunisimulia habari za mvulana aitwaye Gerold aliyeishi katika mji wa Zürich, nchi ya Uswisi, zaidi ya miaka mia nne iliyopita. Nimefundisha historia miaka thelathini, nimestaafu, na bado sijakutana na kisa kilichonigusa kama kile.

Zürich ya wakati ule haikuwa mji mkubwa. Ulikuwa na watu elfu tano au sita hivi, mto ukiupasua katikati, kila mtu akimjua baba wa kila mtu. Kulikuwa na mwenye nyumba ya wageni aliyeitwa Reinhart, na binti yake Anna alisifiwa kwa uzuri. Mwaka 1504 Anna aliolewa kwa siri na Hans Meyer von Knonau, kijana wa ukoo mkubwa. Baba wa Hans alikuwa na mipango mingine kwa mwanawe, naye hakutaka kusikia habari za binti wa mwenye nyumba ya wageni. Akamnyima mwanawe urithi. Hans akaingia jeshi la kukodiwa, kazi ya vijana wengi wa Uswisi wa siku zile waliokwenda kupigana vita vya wengine huko Italia, akarudi nyumbani mgonjwa, na mwaka 1517 akafariki. Anna akabaki na watoto watatu: Margaretha, Agatha na Gerold.

Zürich wana hadithi ya huyo Gerold alipokuwa na miaka mitatu hivi. Mtumishi alikwenda naye soko la samaki, akamweka chini ili anunue. Babu yake, yule mzee aliyemfukuza baba yake, alikuwa amekaa dirishani na wenzake akitazama soko. Akamwona mtoto mchangamfu anacheza katikati ya samaki na watu, akauliza: wa nani huyu? Akaambiwa: ni wako. Mzee akaagiza mtoto aletwe, akamkumbatia, akalia, akamchukua amlee. Baba alipofika hapo katika kusimulia alinyamaza kidogo. Nadhani alitaka nielewe kwamba kuna watoto ambao hufungua milango iliyofungwa na watu wazima, wala si kosa lao, wala si hila ya mtu.

Tarehe 1 Januari 1519, siku aliyotimiza miaka 35, padri Huldrych Zwingli alipanda kwa mara ya kwanza mimbara ya kanisa kuu la Grossmünster. Alitoka Wildhaus, kijiji cha milimani, na alikuwa na kipaji cha muziki: alipiga vyombo vingi, jambo ambalo baba yangu wa kinanda hakusahau kulitaja. Hakusoma mahubiri ya kuazima. Alifungua Injili ya Mathayo mwanzo kabisa na kuifafanua sura kwa sura. Mwaka uleule tauni iliingia mjini, yeye akabaki kuwahudumia wagonjwa hadi naye akaugua, akaponea chupuchupu. Anna aliishi jirani, na alikuwa msikilizaji wa kudumu wa mahubiri yale.

Zwingli alimwona kwanza kijana. Gerold alikuwa na akili nyepesi, na padri akaanza kumfundisha Kilatini na Kigiriki, kisha akasaidia apelekwe Basel kuendelea na masomo. Mwalimu wa mtoto hana budi kuzungumza na mzazi. Mzazi hana budi kumshukuru mwalimu. Sisi tuliokulia vijijini tunajua vizuri njia hiyo inavyokwenda: huanza na maendeleo ya mtoto, hupita kwenye hali ya mvua, na kabla ya mwaka kwisha kuna kiti barazani ambacho kinajulikana ni cha nani.

Ila Zwingli alikuwa padri, na hapo ndipo kisa chetu cha Usambara na kile cha Zürich vinapotengana. Mchungaji wetu alihitaji matangazo matatu na baraka za wazee wa kanisa. Padri wa mwaka 1522 hakuwa na mlango wowote wa kupitia. Tangu Mtaguso wa Pili wa Laterano wa mwaka 1139, ndoa ya padri haikuhesabiwa kuwa ndoa. Haina maana kwamba mapadri waliishi peke yao. Nyumba nyingi za mapadri katika Uswisi zilikuwa na mwanamke na watoto, na askofu wa Konstanz alitoza faini kwa kila mtoto aliyezaliwa humo. Fedha ziliingia, mambo yakaendelea, na mwanamke wa nyumba ile akabaki hana jina. Hakuwa mke, hakuwa mtumishi, na padri akifa yeye na watoto hawakuwa na haki hata ya sufuria moja. Zwingli mwenyewe alikwisha kuungama kwa barua mwaka 1518 kwamba ahadi yake ya useja ilikuwa imemshinda. Namheshimu kwa ile barua. Angeweza kufuata desturi: amweke Anna nyumbani, alipe faini, mji ufumbe macho. Hakutaka Anna awe mwanamke asiye na jina.

Basi katika mwaka 1522 walioana, lakini kwa siri. Tarehe 2 Julai mwaka huohuo Zwingli na mapadri wenzake kumi walimwandikia askofu kumwomba aruhusu mapadri waoe. Kwa hiyo alipotia sahihi kuomba ruhusa, yeye tayari alikuwa na mke. Waswahili wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na kikohozi hiki kilisikika mapema. Katika Julai ileile rafiki yake, mwalimu Oswald Myconius, alimwandikia barua akamalizia kwa kumtakia heri yeye pamoja na mkewe, bila hata kushusha sauti.

Siri ilidumu miaka miwili hivi. Kwa nini? Mapadri wengine walimtangulia kwa uwazi: Wilhelm Reublin alioa hadharani Aprili 1523, na Leo Jud, rafiki wa karibu wa Zwingli, akafuata Septemba. Watu walimuuliza Zwingli, na wengine hawakumuuliza, walisema tu. Wanahistoria wanataja siasa, kwamba mageuzi ya kanisa yalikuwa machanga na adui wangepata silaha. Wanataja pia wakwe. Anna alikuwa mjane wa ukoo wa Meyer von Knonau, na watoto wake walikuwa na haki katika ukoo huo. Mimi sababu hii ya pili naiamini zaidi, kwa kuwa niliiona nyumbani. Kabla ya mama kujibu lolote, baba zangu wadogo walikuja mara mbili, wakaketi sebuleni na kofia zao magotini, wakauliza shamba la plamu litakuwa la nani. Mjane haolewi peke yake. Anaolewa na ukoo mzima wa marehemu ukiwa umesimama nyuma yake, na mwanamume anayemtaka lazima awe na subira ya mtu anayevuka mto kwa mawe.

Katika kipindi hicho cha siri ndipo Zwingli alipofanya jambo ninalolipenda kuliko mengine yote. Mwaka 1523 Gerold alirudi kutoka kuoga maji ya moto ya mji wa Baden. Desturi ilikuwa anayerudi kutoka Baden apewe zawadi. Zwingli akampa kijitabu alichomwandikia yeye, kwa Kilatini, kuhusu namna vijana wanavyopaswa kulelewa. Humo alimzungumzia Mungu kwanza, kisha namna kijana anavyojitengeneza mwenyewe, kisha namna anavyoishi na wenzake. Jifunze kusikiliza kabla ya kusema. Usijivune kwa mavazi. Jihadhari na divai na kamari. Gerold alikuwa na miaka kumi na minne hivi. Mji ulikiona kitabu cha mhubiri kwa mwanafunzi wake mwenye kipaji. Lakini aliyeandika alikuwa tayari baba wa kambo wa yule kijana, na hakuweza kulisema hilo kwenye ukurasa wa kwanza. Ninapokisoma nasikia mtu anayejaribu kuwa baba kwa mlango wa nyuma. Kwangu mimi mlango huo ulikuwa kinanda.

Tarehe 2 Aprili 1524 walifunga ndoa hadharani Grossmünster, Anna akiwa amekaribia miaka 40 na mimba ikionekana. Binti yao Regula alizaliwa tarehe 31 Julai. Martin Luther, ambaye watu wengi hudhani ndiye aliyetangulia katika jambo hili, alimwoa mtawa wa zamani Katharina von Bora mwezi Juni mwaka 1525, mwaka mmoja na zaidi baadaye.

Maneno yalikuwa mengi. Walisema amefuata uzuri. Walisema amefuata mali ya Meyer von Knonau. Zwingli alijibu kama mtu anayesoma hesabu mbele ya mkutano: ukiacha nguo na vito vyake, Anna hana zaidi ya gulden 400. Na vile vito, tangu ndoa hiyo Anna hakuvivaa tena. Sijui kama aliambiwa au aliamua, lakini namwona akivifunga kwenye kitambaa na kuviweka chini ya sanduku, binti wa nyumba ya wageni aliyewahi kusifiwa na mji mzima, ili mtu anayeketi nyuma yake kanisani asiwe na cha kuhesabu.

Mwezi Mei 1525 Zürich ikaunda mahakama yake ya ndoa, na sheria mpya ikataka ndoa ishuhudiwe, ifungwe kwa uwazi kanisani. Ndoa za kificho zilikuwa zimewaliza mabinti wengi: kijana anaapa chini ya mti, kesho anakana. Hapa mtu aliyeficha ndoa yake miaka miwili aliwasaidia wengine wasilazimike kuficha, na aliyeolewa kwa siri mara mbili katika maisha yake, Anna, aliishi katika mji ambao wanawe wa kike wasingehitaji kufanya hivyo. Yale majina yanayosomwa kanisani kwetu Jumapili, na watu wakiguna na kugeuza shingo, yana asili ndefu, na ndani ya asili hiyo kuna maumivu ya wanawake wasio na shahidi.

Imebaki barua moja tu ya Zwingli kwa mkewe. Ni ya tarehe 11 Januari 1528. Alikuwa Bern kwenye mjadala mkubwa wa dini ulioamua mji ule ufuate njia gani, na siku chache kabla yake Anna alikuwa amejifungua mwana, aliyepewa jina la baba yake, Huldrych. Mtu angetarajia barua ya mwanateolojia. Ni barua fupi ya mume. Anamshukuru Mungu kwa uzazi wa salama, anatuma salamu kwa watu wa nyumbani na marafiki, na anamwomba amtumie lile koti lake haraka iwezekanavyo. Januari, Bern, baridi ya theluji, hoja za Kilatini kutwa nzima, na yeye anawaza koti lililoning'inia nyumbani. Nimesoma kurasa nyingi juu ya mafundisho ya Zwingli kuhusu Meza ya Bwana. Koti hili ndilo lililonifanya nimjue.

Inasimuliwa pia kwamba wakati Biblia ya Zürich ilipokuwa ikichapwa na Froschauer, ile iliyotoka nzima mwaka 1531, Zwingli alikuja na kurasa za majaribio jioni na kumsomea Anna, asikie kama lugha inaingia masikioni mwa mtu wa kawaida wa mjini. Mfasiri yeyote wa Biblia angehitaji sikio la namna hiyo.

Mwaka huohuo, tarehe 11 Oktoba, Zürich ilipambana na majimbo ya Kikatoliki huko Kappel. Zwingli alikwenda na jeshi la mji wake, akauawa. Anna alimpoteza mume, alimpoteza ndugu yake na wengine wa ukoo, na alimpoteza Gerold, aliyeanguka kwenye uwanja uleule na baba yake wa kambo, akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili. Baba hakuniambia sehemu hii kwenye lile benchi. Niliikuta mwenyewe kitabuni nikiwa chuo cha ualimu, nikafunga kitabu, nikatoka nje nikatembea. Mrithi wa Zwingli, Heinrich Bullinger, alimchukua Anna na watoto nyumbani kwake, naye akaishi hapo hadi alipofariki Desemba 1538. Regula alikuja kuolewa na Rudolf Gwalther, kijana aliyelelewa katika nyumba hiyohiyo ya Bullinger. Mchoraji Hans Asper alimchora mwaka 1549 akiwa na binti yake mdogo, na picha hiyo ipo Zürich hadi leo: mama na mtoto, mtoto amepewa jina la bibi, Anna.

Kama Zürich ilikuwa na mapenzi ya kunong'ona, Basel na Strasbourg zilikuwa na mshenga, na mshenga huyo aliitwa Martin Bucer. Mchungaji huyu wa Strasbourg alizaliwa na kipaji cha kuoza watu. Akiona mchungaji mseja anamtafutia. Akisikia mwenzake amefiwa, kabla matanga hayajakwisha vizuri, Bucer ana kalamu mkononi. Tusimwone hana adabu. Aliamini kwamba nyumba ya mchungaji ni kitu kipya kinachojengwa, na kwamba bila mwanamke mwenye akili haitasimama.

Mwanamke wa namna hiyo alikuwapo: Wibrandis Rosenblatt, aliyezaliwa 1504. Aliolewa kwanza na msomi Ludwig Keller, aliyefariki 1526 na kumwachia binti. Mwaka 1528, akiwa na miaka 24, aliolewa na Johannes Oecolampadius, mhubiri mkuu wa Basel, mwanamume aliyemzidi zaidi ya miaka ishirini. Erasmus, msomi mkubwa wa wakati ule aliyekuwa akiishi mjini humo, aliandika kwa mzaha kwamba mambo haya ya Luther watu huyaita msiba, lakini yeye anayaona kuwa mchezo wa kuchekesha, maana kila mara yanaishia harusini. Watoto wao waliitwa kwa Kigiriki majina yenye maana ya uchaji, amani na kweli. Oecolampadius alikufa mwezi mmoja na kitu baada ya Kappel.

Huko Strasbourg mchungaji Wolfgang Capito alikuwa mgane mpya. Capito alivutiwa na mjane mwingine, ambaye marehemu mumewe alikuwa kiongozi wa Wanabaptisti na aliuawa. Bucer akaona hatari, akamwelekeza Basel kwa Wibrandis, na Agosti 1532 wakaoana. Miaka tisa baadaye tauni ilifika Strasbourg. Capito akafa, na watoto watatu wa Wibrandis wakafa. Elisabeth, mke wa Bucer, akiwa kitandani na ugonjwa huohuo, alimwita Wibrandis usiku akamwomba aolewe na mumewe atakapokuwa mgane. Aprili 1542 mshenga akawa bwana harusi. Bucer aliwaandikia marafiki kwamba mke huyu mpya hana kasoro ila moja, kwamba anamhudumia kupita kiasi na hamkosoi kwa uhuru kama marehemu Elisabeth. Nampenda Bucer kwa kulikosa lile neno kali la asubuhi. Wibrandis alimfuata hadi Cambridge, Uingereza, akamzika huko 1551, akarudisha familia yake Basel, na mwaka 1564 tauni nyingine ilipomchukua alizikwa kwenye viunga vya kanisa kuu la Basel pamoja na Oecolampadius.

Bucer huyohuyo alikuwa miongoni mwa waliomsumbua Calvin, mwanamageuzi mwenzake, aoe. Calvin alitoa masharti: awe msafi wa tabia, mwenye subira, asiyetumia ovyo, na atakayeiangalia afya yangu. Akaletewa binti tajiri asiyejua Kifaransa, akasema ajifunze Kifaransa kwanza. Mwishowe, Agosti 1540, alimwoa Idelette de Bure, mjane mwenye watoto wawili, ambaye marehemu mumewe alikuwa Mwanabaptisti. Orodha yote ile, na jibu lilikuwa tayari linakaa kwenye mabenchi ya kanisa lake.

Basel inatufikisha kwetu. Katika mji ule alimozikwa Wibrandis kulianzishwa mwaka 1815 shirika la wamisionari, na katika chuo chake walisoma Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann, waliokuja kukaa Rabai, juu ya Mombasa. Rebmann ndiye aliyeiona theluji juu ya Kilimanjaro mwaka 1848 na kuwaandikia watu wa Ulaya, na wataalamu wa London wakamcheka. Alikaa pwani miaka 29, akikusanya maneno ya Kiswahili, ya Kirabai na ya Kinyasa, mkewe akafariki huku, macho yake yakafa. Mwaka 1875 alirudi kwao haoni, akifuatana na Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai, aliyemwongoza njia.

Rebmann alikwenda kukaa Korntal, mji mdogo wa wacha Mungu karibu na Stuttgart, ambako Krapf alikuwa ametangulia. Krapf naye alikuwa mshenga. Alimshauri mwenzake aoe mjane wa mmisionari, Louise Däuble, na Rebmann akakubali. Kipofu wa miaka 56, na mwanamke aliyekwisha jua maana ya kungoja meli. Mji mdogo, kanisa moja, wazee wawili ambao ukiwasikia kwa mbali huenda wanabishana juu ya neno la Kiswahili. Rebmann alifariki tarehe 4 Oktoba 1876, mwaka uleule wa ndoa. Wengine wakisoma habari hii husema ilikuwa bure. Sikubaliani nao. Kwa miezi ile kulikuwa na mtu wa kumwambia kama theluji imeanguka.

Miaka mia moja kamili baadaye, mwaka 1976, mama yangu aliolewa na mchungaji kanisani kwetu, na mimi nilipiga kinanda, wimbo mmoja tu niliokuwa naujua vizuri. Mama alihamia nyumba ya mchungaji, na wiki ya kwanza akina mama wa usharika walianza kumwita Mama Mchungaji, kwa tahadhari kidogo, kama mtu anayejaribu daraja. Mama alilivuka daraja hilo kwa namna yake. Shamba la plamu lilibaki kwa jina langu, baba zangu wadogo wakatia sahihi, na mchungaji ndiye aliyesimama shahidi.

Siku moja, miaka mingi baadaye, baba alikwenda Moshi kwenye mkutano wa kanisa na akalisahau koti. Akamtuma kondakta wa basi na kipande cha karatasi: Mama, naomba lile koti, huku ni baridi. Mama alilikunja, akalifunga kwa kamba ya katani, na kabla ya kulifunga akatia mkono kapuni, akajaza mfuko wa kulia plamu. Basi likaondoka alfajiri.

Aliporudi baada ya siku tano alilivua koti akalitundika mahali pake. Mama alipoingiza mkono mfukoni alikuta kokwa nne, zimekaushwa vizuri, zimefungwa ndani ya ratiba ya mkutano. Alizihesabu mara mbili, akaziweka dirishani.